Wadhamini Mia Mbili

Tanzania mtu hawi mgombea urais kwa kupigiwa makofi ukumbini. Chama kikishampitisha, kazi inaanza upya: atafutiwe wapigakura wa kumdhamini wasiopungua 200 katika kila mkoa, mikoa isipungue 10, na miwili kati ya hiyo iwe ya Zanzibar. Chama chenye ofisi kila kata, magari na makatibu wanaopokea mshahara hukimaliza kibarua hicho mapema, na magazeti yakapata picha. Chama kidogo hakina hayo. Kina mtu mwenye daftari, kalamu mbili na kidau cha wino, na mtu huyo hatajwi popote tunaposimulia siasa za nchi hii. Mimi nimemwona akifanya kazi yake Kilangala, nikaipenda, na ndiyo ninayotaka kuieleza.

Kilangala ni kata ya mkoa wa Lindi, upande wa Mchinga, nchi ya ufuta na korosho. Msimu wa fomu za urais ni Agosti, na Agosti huku watu hawakai majumbani. Mikorosho imetoa maua. Asiyepuliza salfa sasa ataona mwenyewe msimu wa kuokota ukifika, na salfa hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande bado uko kwenye majani. Kwa hiyo anayetafuta wadhamini asubuhi atabisha hodi kwenye nyumba zenye kuku na watoto tu. Katibu wa kata ninayemsema hapa, mama wa makamo anayeitwa na kila mtu Bi Katibu, hatoki nyumbani kwake kabla ya adhuhuri. Asubuhi hupanga karatasi. Chama chake sikitaji, maana aliniomba nisikitaje.

Alinikubalia nimfuate. Nyumba ya kwanza tulimkuta mzee ameketi barazani, mikono bado ina vumbi la njano la salfa.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Mara hii umeleta fomu ya nani?”

Akamtajia jina la mgombea na la mgombea mwenza, polepole, kisha akanyamaza ili mzee apate nafasi ya kukataa. Nilichokitazama zaidi ni kile kimya. Watafutaji wengi wa saini nimewaona wakijaza nafasi hiyo kwa maneno, kwa sababu wanaogopa jibu. Yeye anamwacha mtu afikiri. Mzee akauliza kama akimdhamini huyu atalazimika kumpigia kura. “La, babu. Kudhamini ni kusema huyu mtu aruhusiwe kuingia kwenye karatasi ya kura. Kura yako ni siri yako, na mimi sitakuuliza.” Mzee akaingia ndani kuchukua kadi.

Hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo. Kadi ya mpigakura ina namba ndefu inayoanza na herufi T, na jina kama lilivyoandikwa na mwandikishaji siku ile, si kama mwenye jina anavyojiita. Pwani hii mtu mmoja ni Saidi msikitini, Said kwenye kadi, na Saidi tena kwenye daftari la chama cha ushirika anakouzia korosho. Bi Katibu haandiki anachosikia. Anaandika anachokiona kwenye kadi, herufi kwa herufi, hata pale kadi yenyewe ilipokosea jina la baba. Mwenye kadi akilalamika kwamba hilo si jina lake sawasawa, humwambia ni kweli, ila ofisi ya uchaguzi italinganisha fomu na daftari la wapigakura, na daftari limeshakosea kabla yetu. Namba huisoma mara mbili: kwanza yeye mwenyewe, kidole kikifuata tarakimu, kisha humpa mtoto wa nyumba anayesoma shule aisome kwa sauti naye akifuata kwenye karatasi. Mtoto hana haraka wala hana chama, na ndiyo sababu anamtegemea.

Kisha dole gumba. Mzee yule hajui kuandika, na vidole vyake vimesuguliwa na mpini wa jembe mpaka mistari ya ngozi imefifia. Ukikibandika kidole cha namna hiyo moja kwa moja kwenye wino, kinatoa doa jeusi lisilosomeka. Bi Katibu alikipangusa kwa kitambaa chenye maji, akakikausha kwa kanga yake, akakigusisha wino kidogo sana, akakijaribu kwenye karatasi ya pembeni. Alipoona mistari imetoka ndipo alipokiweka kwenye fomu, akikibingirisha kutoka ukingo mmoja hadi wa pili bila kukikandamiza. Mzee mwenyewe aliinama kuitazama alama yake. Dole gumba moja lilichukua muda ambao wengine wangekusanyia majina matano.

Nyumba ya pili mwanamke mmoja alimletea kadi mbili, yake na ya mumewe. “Mwenyewe yuko Lindi mjini, ila anakijua chama, we mwandike tu, shoga.” Bi Katibu akaandika moja, ile nyingine akairudisha kwa mikono miwili. Akaahidi kupita tena Ijumaa, baada ya swala. Njiani sikumwuliza kitu, yeye ndiye aliyeeleza: jina la mtu asiyekuwepo likigunduliwa, wakaguzi hawataishia kulikata hilo peke yake, wataanza kuyatilia shaka yote yaliyo juu na chini yake. Kwa hiyo mume wa yule mama alikuwa na uzito wa ukurasa mzima.

Mtu pia haruhusiwi kudhamini wagombea wawili wa urais. Mwaka 2020 wagombea walikuwa 15 na 2025 walikuwa 17, na vingi kati ya vyama vyao havina wanachama wa kutosha kila mahali, kwa hiyo vinabisha hodi kwa watu walewale. Anayechelewa anakuta barabara yote imeshatia saini. Bi Katibu huanza na swali hilo kabla hajafungua begi: kuna mwingine amekwisha kupita hapa? Akiambiwa ndiyo, huaga kwa heshima na kwenda zake. Katika fungu lake la majina huongeza mengine kumi na tano au ishirini ya akiba, kwa kuwa katika ukaguzi lazima yatakatwa machache: aliyejiandikisha mkoa mwingine, aliyefariki baada ya daftari kuboreshwa, aliyesahau kwamba alishatia saini kwingine. Mkoa wa Lindi ni mkubwa, kutoka Kilwa hadi Liwale na Nachingwea, na katibu wa mkoa akipungukiwa majina siku mbili kabla ya uteuzi hana pa kukimbilia isipokuwa kwa makatibu wa kata walioweka akiba.

Majirani zetu wamejiwekea vipimo vyao. Kenya inataka wapigakura 2,000 katika kila kaunti, na kaunti ziwe zaidi ya nusu ya zote. Uganda inataka watu 100 katika kila wilaya, na wilaya zisipungue theluthi mbili ya zote. Ufaransa haiendi kwa mpigakura wa kawaida kabisa: inataka saini 500 za viongozi waliochaguliwa, wakiwemo mameya wa vijiji. Tofauti yetu kubwa na Kenya haiko kwenye hesabu. Kenya mtu anaweza kukusanya saini hizo bila kuwa na chama. Hapa hawezi. Katiba, ibara ya 39, inataka mgombea urais awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza miaka 40, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Mchungaji Christopher Mtikila alipigana na sharti hilo maisha yake yote ya kisiasa. Alishinda Mahakama Kuu zaidi ya mara moja, Mahakama ya Rufani ikaligeuza jambo mwaka 2010, akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na Juni 2013 mahakama hiyo ikampa haki. Sharti halijaondoka. Ndiyo maana chama kidogo, hata kile kisichopata mbunge hata mmoja, kina kitu ambacho tajiri au mwanazuoni asiye na chama hawezi kukipata: kinaweza kuweka jina kwenye karatasi ya kura ya rais.

Na jina hilo linapatikanaje? Watu hudhani linatoka kwa viongozi wawili watatu waliokaa hotelini Dar es Salaam. Pako mahali inakuwa hivyo, sikatai. Lakini chama kinachojiheshimu huanzia mbali zaidi, kwenye mkutano wa tawi chini ya mwembe, ambako wanamchagua mjumbe wa kwenda mbele. Tawi huenda kata, kata huenda jimbo, jimbo huenda mkoa, na mwisho kuna Mkutano Mkuu wa taifa. Kila hatua ina karatasi yake: orodha ya mahudhurio, akidi, muhtasari, saini ya mwenyekiti na katibu. Nimesoma mihtasari ya Bi Katibu. Haina maneno makubwa. Inasema nani alikuwepo, nani alipendekeza, nani alipinga na kwa nini, kura zilikuwa ngapi. Waliopinga ameandika sababu zao kwa urefu uleule wa sababu za walioshinda, na mtu akiombwa kuthibitisha miaka mitano baadaye, ataikuta hoja yake bado ina miguu na mikono.

Kata hii na jirani zake hazikuanza siasa jana. Mwaka 2015 jimbo la Mchinga lilimpeleka bungeni Hamidu Bobali wa CUF, na mwaka huohuo Kilwa Kusini na Kilwa Kaskazini nazo zikachagua CUF. Machi 2019, Mahakama Kuu ilipoamua mgogoro wa CUF kwa upande wa Profesa Ibrahim Lipumba, Maalim Seif Sharif Hamad akahamia ACT-Wazalendo siku hiyohiyo, na wafuasi wake wakaambiana washushe tanga, wapandishe tanga, safari iendelee. Maneno hayo yalisikika kuanzia Pemba hadi huku. Wachache walifikiri ya makatibu. Chama kikihama kwa siku moja, kuna mtu wa kufungua daftari jipya, kuandika kila mwanachama upya na tarehe yake ya kujiunga, kurudisha kadi za zamani, kuchagua viongozi wa tawi kwa mujibu wa katiba mpya ambayo hajapata kuisoma. Matawi yaliyofanya kazi hiyo vizuri yalikuwa na wajumbe halali uchaguzi wa 2020 ulipokuja.

Mwaka huo mtu aliyepitishwa alikuwa wa Lindi. Bernard Membe, mzaliwa wa Rondo, mbunge wa Mtama tangu 2000 hadi 2015 na waziri wa mambo ya nje wa miaka mingi, alifukuzwa CCM Februari 2020. Julai alijiunga na ACT-Wazalendo, na Agosti 5 Mkutano Mkuu ulimpitisha kuwa mgombea wa Muungano, Maalim Seif akipitishwa kwa Zanzibar. Siku ya uteuzi wa Tume ya Taifa ya Uchaguzi ilikuwa Agosti 25. Hesabu mwenyewe: siku 20 za kupata wadhamini katika mikoa isiyopungua 10, mgombea mwenza kutoka upande wa pili wa Muungano, na fomu zilizojazwa bila kosa. Zilipatikana. Baadaye viongozi wa juu wa chama walimuunga mkono Tundu Lissu wa CHADEMA hadharani, Membe akasema yeye bado ni mgombea, na Oktoba 28 akapata kura 81,129. Alifariki Mei 2023, akazikwa kwao Rondo. Wengi wanakumbuka mvutano ule wa mwisho. Mimi nikisikia jina lake nakumbuka zile siku 20 na watu waliozifanyia kazi.

Kwa mapenzi yangu, namna ya kumpata mgombea niipendayo zaidi ni ya miaka mitano kabla ya hapo. Mwaka 2015 chama hichohicho, kikiwa hakijatimiza miaka miwili tangu kipate usajili, kilimsimamisha mwenyekiti wake mwenyewe, Anna Mghwira. Hakuwa amefukuzwa kokote wiki iliyotangulia. Alikuwa mwanamke pekee kwenye karatasi ya kura ya urais, akapata kura 98,763, akawa wa tatu nyuma ya John Magufuli na Edward Lowassa. Ni kura chache ukizilinganisha na milioni za wawili wale, lakini ni nyingi kuliko alizozipata waziri mashuhuri kwa chama hicho 2020. Chama kidogo hushawishika kusubiri jina kubwa litakaloshuka kutoka chama kikubwa. Ilikuwa hivyo kwa Augustino Mrema na NCCR-Mageuzi mwaka 1995, ikawa hivyo kwa Lowassa na CHADEMA 2015. Jina kubwa huleta watu viwanjani. Lakini aliyekulia ndani anajua katibu wa Kilangala anaitwa nani, na akienda kuomba wadhamini anaomba kwa watu waliomwona akifagia ofisi.

Ukumbini kwenyewe kuna jambo moja la kutazama, nalo ni kura ya “Hapana”. Mara nyingi chama kidogo kina jina moja tu mezani, na wajumbe huulizwa ndiyo au hapana. Ni rahisi hapo kuomba watu wanyooshe mikono, ukumbi ukashangilia, ikaisha. Wasimamizi wazuri hawafanyi hivyo. Huhakiki wajumbe mlangoni kwa orodha ya mikoa, hutangaza akidi kabla ya jambo lolote, hugawa karatasi za kura, huonyesha sanduku tupu kwa kulipindua, na wakati wa kuhesabu huinua kila karatasi ionekane. Hapana tatu zikitokea kati ya mamia, zinasomwa tatu, kwa sauti ileile. Mjumbe aliyetoka Lindi kwa basi usiku kucha, nauli yake ikiwa michango ya wanachama wa tawi, ana haki ya kuisikia Hapana yake ikitamkwa.

Ufundi huu una mahali unapovunjikia, na mwaka 2025 tuliuona ukivunjika mbele ya nchi nzima. Luhaga Mpina, waziri wa zamani na mbunge wa Kisesa kwa CCM, alipokelewa ACT-Wazalendo mwanzoni mwa Agosti. Agosti 6 Mkutano Mkuu ulimpigia kura dhidi ya Aaron Kalikawe, naye akashinda kwa mbali. Kisha mwanachama mmoja akalalamika kwa Msajili wa Vyama vya Siasa kwamba kanuni za chama chenyewe zinamtaka mgombea awe amekaa uanachamani kwa muda kabla ya uteuzi. Chama kilijitetea. Agosti 26 Msajili alitengua uteuzi, na kesho yake, siku yenyewe ya kurudisha fomu, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi haikuzipokea. Septemba 11 Mahakama Kuu Dodoma ikasema Tume ilikosea. Fomu zikapokewa, na baada ya siku chache mgombea akaenguliwa tena kwa pingamizi. Uchaguzi wa Oktoba 29 ulifanyika bila jina la chama hicho kwenye kura ya rais wa Muungano.

Mawakili wamelijadili jambo hilo kwa kirefu, na kila upande una hoja zake. Mimi nawafikiria wadhamini. Mamia ya watu katika mikoa mingi walitoa kadi zao, vidole vyao vikatiwa wino, namba zao zikasomwa mara mbili, na yote yakazimwa na kifungu kuhusu tarehe. Ninaamini kwa dhati kwamba Msajili, Tume na mahakama wanapaswa kuziona saini zile kuwa ni sauti za raia, na kwamba mlango ambao katiba imeufanya kuwa wa pekee haufai kufungwa siku ya mwisho, watu wameshapanga foleni. Ninaamini pia kwamba chama kinawiwa na watu hao deni la kusoma kanuni zake chenyewe kabla ya kuwaomba kidole.

Bi Katibu aliposikia habari za Mpina hakuzungumza sana, na si chama chake. Alichofanya ni kuchukua katiba na kanuni za chama chake, nakala aliyopewa kwenye semina ambayo kurasa zake zimeanza kuachana, akaenda kutoa kopi za sehemu ya uteuzi na kuzigawa kwa makatibu wa matawi yake. Kila palipotajwa muda wa uanachama, amepigia mstari kwa kalamu nyekundu. Kisha akabadili daftari la wanachama. Zamani safu ya tarehe ilikuwa ya mwisho, na mara nyingine aliiacha ajaze baadaye. Sasa iko mwanzo kabisa, kabla ya jina, na anayejiunga huijaza kwa mkono wake mwenyewe na kutia saini pembeni yake mbele ya mashahidi wawili. Asiyejua kuandika hutajiwa tarehe kwa sauti, kisha hupangusiwa kidole kwa kitambaa chenye maji.